Diski tatu, adapta tatu: uchambuzi wa kisa cha studio ya video mjini Moshi

Usuli

Kisa hiki kinahusu studio ndogo ya picha na video mjini Moshi, yenye mmiliki mmoja na mhariri mmoja wa kudumu, ambayo kazi zake kubwa ni harusi, ubatizo, kipaimara na video za wageni wanaopanda Kilimanjaro. Jina la studio, mtaa ilipo na habari za wateja wake zimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha tatizo yamebadilishwa. Niliitwa kama fundi wa kompyuta, na mmiliki ameridhia kisa kiandikwe, kwa sababu swali lililowakabili huwakabili watu wengi: mtu ana diski nzima yenye kazi zake, ana kompyuta isiyo na nafasi ya kuipokea ndani, na akifika dukani anakuta adapta, yaani vifaa vya kuunganisha diski na kompyuta kutoka nje, za kila namna, kila moja ikiwa na kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Achukue ipi, na aanze kwa kuangalia nini?

Kompyuta ya mezani ya studio ilikufa mwanzoni mwa Novemba. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na tangu hapo kompyuta haikuwaka. Ubao mama ulikuwa umeungua, lakini diski tatu zilizokuwa ndani yake hazikuonyesha dalili ya kudhurika. Wakati ulikuwa mbaya, kwa kuwa Desemba ndio mwezi ambao Wachagga waishio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi kwao Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na sherehe zilizosubiri ndugu wakutane hufanyika mfululizo. Mmiliki aliamua kutoitengeneza kompyuta ya zamani na badala yake akanunua kompyuta mpakato, akisema kwamba chombo chenye betri hakitamwangusha tena katikati ya kazi. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hata hivyo, ulizaa swali jipya, kwa sababu betri ya mpakato huhudumia mpakato na vile tu vinavyokula umeme kupitia matundu yake.

Diski zenyewe

Diski ya kwanza ilikuwa ya sahani, yaani yenye sahani zinazozungushwa na mota, ya inchi 3.5, yenye ukubwa wa terabaiti 4, na ndani yake mlikuwa na takriban terabaiti 3 za kazi za wateja za miaka iliyopita. Ya pili ilikuwa SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya inchi 2.5 ya terabaiti 1, inayotumia SATA, njia ya siku nyingi ya kuunganisha diski na kompyuta, ambayo ndiyo mhariri aliyoifanyia kazi za kila siku. Ya tatu ilikuwa kadi ndogo ya M.2, yaani SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ya gigabaiti 256, iliyobeba Windows pamoja na mafaili ya miradi ambayo haijakamilika, ikiwemo harusi mbili ambazo wateja walikuwa wakizisubiri.

Mpakato mpya ulikuwa na tundu moja la USB-A la gigabiti 5 kwa sekunde, jingine la USB-A la kizazi cha pili ambalo kikomo chake ni megabiti 480, na tundu moja la USB-C la gigabiti 10. Haukuwa na Thunderbolt, aina ya tundu lenye kasi kubwa zaidi, kwa hiyo makasha ya diski ya gharama kubwa yanayotangaza gigabiti 40 tuliyaweka kando mapema bila mjadala.

Kwa mtazamo wa haraka hizi ni diski tatu zinazohitaji waya tatu. Kwa kweli zinatofautiana katika mambo mawili ambayo adapta lazima iyatimize kabla hata ya kuzungumzia kasi: umeme zinaohitaji na lugha zinayozungumza. Diski ya sahani ya inchi 3.5 huzungusha mota yake kwa volti 12, na USB ya kawaida hutoa volti 5 tu. Diski za inchi 2.5, za sahani na za SSD, hutumia volti 5 peke yake, hivyo zinaweza kuishi kwa umeme wa tundu la USB, ambalo katika kizazi cha pili huahidi miliampu 500 na katika kizazi cha tatu miliampu 900. Kadi ya M.2 nayo inaweza kuzungumza SATA au NVMe, lugha mpya na ya kasi zaidi, na umbo lake la nje ni lile lile.

Mfuatano wa matukio

Kabla sijaitwa, mhariri alikuwa amenunua waya mfupi wa kuunganisha SATA na USB, wa bei ndogo, usio na sehemu ya kuchomeka umeme wa ziada. Aliuchomeka kwenye diski ya terabaiti 4. Diski haikuzunguka kabisa, na kompyuta haikuonyesha chochote. Alidhani imekufa pamoja na kompyuta, na mmiliki alikesha usiku ule akiamini kazi za miaka zimepotea. Diski ilikuwa nzima. Ilikosa volti 12 za kuamsha mota yake.

Siku iliyofuata rafiki yao mmoja aliwaazima stendi ya diski ya zamani, yenye chaja yake ya ukutani ya volti 12. Safari hii diski ilizunguka vizuri, mlio wake ukasikika wa kawaida, lakini haikupewa herufi katika orodha ya diski. Programu ya Windows ya kusimamia diski iliionyesha kama mgao mmoja mkubwa usiofunguka. Rafiki akashauri ifutwe na kufomatiwa upya, kisha mafaili yatafutwe kwa programu ya urejeshaji. Hapo ndipo mhariri alipopiga simu.

«Shikamoo, fundi. Diski inazunguka lakini haifunguki. Nimeambiwa niifomati kwanza ndipo nirejeshe mafaili. Niendelee?»

«Marahaba. Usiendelee, mdogo wangu. Usiiandikie kitu chochote. Itoe kwa utaratibu, uzime hiyo stendi, nakuja.»

Nilipofika niliiunganisha tena kwenye stendi ile ile na kuiuliza Windows, kwa amri ya Get-Disk, ukubwa wa sekta inazoziona, yaani vipande vidogo ambavyo diski hugawanywa na kuhesabiwa kwavyo. Jibu lilikuwa baiti 4096. Hilo lilitosha kueleza tatizo. Diski nyingi za terabaiti 4 za mezani hujitambulisha kwa kompyuta kwa sekta za baiti 512, na ndivyo ilivyokuwa imepangwa ilipokuwa ndani ya kompyuta ya zamani. Lakini zipo adapta, hasa za miaka ambayo Windows XP ilikuwa bado inatumika kwa wingi, ambazo chipu yake huzibadilisha sekta hizo na kuziwasilisha zikiwa za baiti 4096, ili kompyuta za wakati ule zivuke kikomo cha terabaiti 2.2 kinachotokana na kuhesabu sekta kwa namba ya biti 32. Jedwali la migao, yaani orodha inayoieleza kompyuta jinsi diski ilivyogawanywa, la aina ya GPT huandikwa katika sekta ya pili ya diski. Kompyuta ikihesabu sekta kwa baiti 512, jedwali hilo huanzia baiti ya 512. Ikihesabu kwa baiti 4096, italitafuta mahali pengine kabisa na haitalikuta. Data zote zipo, hakuna iliyoguswa, ila kompyuta inapiga hatua ndefu kuliko zilizotumika kuipanga.

Niliihamishia diski kwenye adapta yangu yenye chaja ya volti 12, ambayo hupitisha sekta kama zilivyo. Folda zote zilitokea, za miaka yote, zikiwa na majina ya maharusi na tarehe. Kama ushauri wa kufomati ungefuatwa ndani ya stendi ile, jedwali jipya na mfumo mpya wa mafaili vingeandikwa juu ya kazi za watu, na baada ya hapo hata programu nzuri ya urejeshaji isingerudisha kila kitu.

Kadi ya M.2 nayo ilikuwa na kisa chake. Mhariri alikuwa tayari amenunua kasha la aluminiamu lililoandikwa NVMe na gigabiti 10, kwa maelezo kwamba «kadi za M.2 zote ni hizo hizo». Kadi iliingia, skrubu ikakaza, taa ikawaka, na kompyuta haikuiona. Tulipoitoa na kuiweka chini ya taa, ukingo wake wenye meno ya dhahabu ulikuwa na mapengo mawili. Kadi za NVMe kwa kawaida huwa na pengo moja; mapengo mawili mara nyingi ni alama ya kadi ya SATA. Tundu la kasha la NVMe huikubali kadi ya namna hiyo kwa umbo, lakini chipu iliyomo haiielewi. Mapengo hayo ni dalili tu, kwa hiyo tulisoma pia maandishi ya kwenye kadi, ambayo yalitaja SATA waziwazi. Kasha linalozungumza lugha zote mbili liliagizwa kutoka Kariakoo na likafika kwa basi kesho yake.

Lilipofika, kunakili kulianza kwa kasi ya megabaiti 40 kwa sekunde. Mhariri alikasirika, akasema wameuziwa feki. Nilimwomba anionyeshe waya. Kasha lilikuja na waya wake mfupi mnene, lakini yeye alikuwa ametumia waya wa chaja ya simu wa USB-C pande zote mbili, kwa sababu ulikuwa mrefu na ulikuwa tayari mezani. Nyaya nyingi za kuchajia simu hazina nyuzi za kasi ya juu ndani yake. Hupitisha data kwa megabiti 480 tu, na megabaiti 40 kwa sekunde ndiyo kasi halisi inayotarajiwa katika hali hiyo. Kwa waya wa kasha lenyewe, kasi ilipanda kupita megabaiti 400, ambayo ni hali njema kwa kadi ya SATA.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya data zote kuonekana, swali lilihama kutoka uokoaji kwenda mpangilio wa kudumu. Mmiliki alitaka kununua SSD ya NVMe ya terabaiti 2 pamoja na kuliweka kazini lile kasha la gigabiti 10, kwa hoja kwamba kazi ya video inadai kasi ya juu kabisa. Hoja hiyo nilitaka tuipime kwa hesabu kabla pesa haijatoka.

Kamera zao hurekodi video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, kwa kuwa baiti moja ni biti nane: ni megabaiti 12.5. Mhariri anapochezesha kamera tatu za harusi kwa wakati mmoja anahitaji megabaiti 37.5 kwa sekunde, na hata tukiongeza mara tatu kwa ajili ya kurukaruka huku na huko katika mstari wa uhariri, hatufiki megabaiti 120. SSD yao ya zamani ya SATA, ikipitia adapta nzuri katika tundu la gigabiti 5, hutoa zaidi ya megabaiti 400. NVMe katika tundu la gigabiti 10 ingetoa karibu megabaiti 1,000, na tofauti hiyo ingeonekana wakati wa kunakili mafaili makubwa kutoka SSD moja kwenda nyingine, kazi ambayo studio hii haikuwa nayo. Kadi za kamera zao zenyewe zilikuwa za polepole kuliko SSD ya SATA. Kwa hiyo tuliamua SSD ya zamani ibaki kuwa diski ya kazi, na fedha iliyotengwa kwa NVMe inunue diski ya pili ya sahani ya terabaiti 4 kwa ajili ya nakala rudufu. Hadi siku kompyuta ilipoungua, kazi zote za wateja zilikuwa mahali pamoja tu, na kwangu hiyo ilikuwa hatari kubwa kuliko upungufu wowote wa kasi.

Adapta ya SSD tuliichagua kwa kuangalia kama chipu yake inatumia UASP, njia mpya ya kupeleka amri kwa diski kupitia USB. Adapta za njia ya zamani hupeleka amri moja kwa diski, husubiri jibu, kisha hupeleka nyingine. Zenye UASP hupanga amri nyingi kwa pamoja na kuiacha diski izipange yenyewe. Kwa kusoma faili moja kubwa tofauti si ya kushangaza sana, lakini mhariri wa video husoma vipande vidogo vidogo kutoka mafaili mengi, na hapo foleni ya amri husaidia waziwazi. Windows inaikubali UASP tangu toleo la 8. Dukani boksi mara nyingi halisemi kweli yote, na maboksi mawili yanayofanana yanaweza kuwa na chipu tofauti, kwa hiyo tulikubaliana na muuzaji tujaribu kwenye mpakato wetu kabla ya kulipa. Katika orodha ya vifaa ya Windows, adapta inayotumia UASP huonekana ikiwa na herufi UAS katika jina lake. Kwa anayetumia Linux, amri ya lsusb -t huonyesha neno uas au usb-storage mbele ya kila kifaa. Namba ya utambulisho nayo humtaja mtengenezaji wa chipu: 152d ni JMicron, 174c ni ASMedia, 0bda ni Realtek. Dakika chache kaunta ziliwaepusha na adapta mbili zilizokuwa na maandishi ya kuvutia lakini zikafanya kazi kwa njia ya zamani.

Kwa diski mbili za sahani, tulichagua stendi yenye nafasi mbili na chaja ya volti 12. Diski ya sahani ya aina hii husoma kwa takriban megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde, hivyo stendi ya gigabiti 5 inatosha na kubaki, na kulipia stendi ya gigabiti 10 kungekuwa kulipia barabara pana kwa ajili ya mkokoteni. Tulihakikisha mambo mawili: kwamba inaonyesha terabaiti 4 kamili kwa sekta za baiti 512, na kwamba inapitisha taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiandikia kuhusu afya yake. Stendi hiyo ilikuwa na kitufe cha kunakili diski nzima kwenda nyingine bila kompyuta. Kitufe kama hicho huandika juu ya diski ya pili bila kuuliza swali, na atakayekosea nafasi atainakili diski tupu juu ya diski yenye kazi. Tulikifunika kwa selotepu nene na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu.

Nilishauri pia inunuliwe UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, kwa ajili ya stendi. Mmiliki aliona isubiri malipo ya Desemba, kwa kuwa mpakato ulikuwa na betri na bajeti ilikuwa imekaza. Diski mpya ilifomatiwa kwa exFAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao Windows na Mac zote huweza kuuandikia, kwa sababu mpigapicha mmoja anayeshirikiana nao hutumia Mac na alitaka kuweza kuiandikia.

Matokeo

Nakala ya kwanza ya terabaiti 3 ilianza jioni. Kwa megabaiti 150 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua takriban saa tano na nusu. Kama ingepitia tundu la USB la kizazi cha pili ingechukua karibu siku nzima mchana na usiku. Umeme ulikatika ikiwa imepita nusu. Mpakato uliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, SSD iliyokuwa inakula umeme wa USB iliendelea pia, lakini stendi ilizimika papo hapo na diski zote mbili zikapotea kwenye skrini katikati ya kuandika.

Umeme uliporudi, diski ya zamani ilifunguka bila shida, kwa kuwa ilikuwa inasomwa tu, tena ilikuwa ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows. Diski mpya ilikuwa na folda moja isiyofunguka na mafaili kadhaa yaliyokatika katikati. NTFS huweka daftari la mabadiliko ya mpangilio wa mafaili, na baada ya kukatika ghafla hulitumia kujirudisha katika hali inayoeleweka, ingawa halilindi yaliyomo ndani ya faili lililokuwa likiandikwa. ExFAT haina daftari hilo. Hakuna kazi iliyopotea, kwa sababu tulisisitiza mapema kunakili na si kuhamisha, na chanzo kilikuwa hakijaguswa. Diski mpya ilifomatiwa upya kwa NTFS, UPS ikanunuliwa wiki ile ile, na kunakili kukarudiwa. Mwisho wa kazi, programu ililinganisha alama ya hashi, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ya kila faili katika diski zote mbili, na zote zikakubaliana. Mpigapicha wa Mac sasa hupokea mafaili kwenye diski yake mwenyewe.

Harusi mbili zilizokuwa ndani ya kadi ya M.2 zilikamilishwa na kukabidhiwa. Kazi za Desemba zilihaririwa zote kwenye SSD ya zamani, na mhariri hakulalamikia kasi. Lilibaki tatizo moja dogo: SSD ilikuwa ikitoweka na kurudi kila alipoichomeka kwenye kigawanyi cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na kisoma kadi na kipanya. Vifaa vyote vya kigawanyi cha namna hiyo hugawana umeme wa tundu moja. Ilipohamishiwa moja kwa moja kwenye mpakato, kutoweka kulikoma.

Uchambuzi

Katika kisa hiki chote, kasi iliyoandikwa kwenye boksi haikuwa chanzo cha tatizo hata moja. Waya wa kwanza ulishindwa kwa kukosa volti 12, stendi ya kuazima kwa kubadilisha sekta, kasha la NVMe kwa kutozungumza SATA, na kasha la pili lilikwamishwa na waya wa simu. Kila kimoja kati ya vifaa hivyo kingefanya kazi vizuri mahali pake. Anayekwenda dukani huku akiwa ameandika kwenye karatasi aina ya diski, ukubwa wake, umeme inaoutaka, na tundu alilonalo kwenye kompyuta, amekwisha kuondoa sehemu kubwa ya adapta zisizomfaa kabla hajauliza bei.

Jambo ambalo nadhani halipewi uzito unaostahili katika miji yetu ni njia ya umeme. Maelezo mengi ya kuchagua adapta huandikwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme haukatiki, na hapo stendi yenye chaja ya ukutani huonekana kuwa bora kwa sababu haiutegemei mpakato. Hapa kwetu hali inaweza kugeuka. Diski inayokula umeme wa USB imekingwa na betri ya mpakato bila gharama ya ziada. Stendi ya ukutani haina kinga yoyote mpaka inunuliwe UPS. Kwa hiyo bei ya stendi, kwa haki, ni bei yake pamoja na ya UPS, na ikihesabiwa hivyo kuna watu ambao wangefaidika zaidi kwa diski mbili za kubebeka za inchi 2.5. Kwa studio hii tuliendelea na stendi kwa sababu diski ya inchi 3.5 ilikuwepo tayari ikiwa na afya njema, lakini mtu anayeanza bila diski ningemshauri afikirie vingine. Kuahirishwa kwa UPS ndio uamuzi uliogharimu zaidi, na naelewa kwa nini ulifanyika: betri ya mpakato iliwapa utulivu ambao haukuzifikia diski zilizokuwa zikifanya kazi yenyewe.

Kufomati kwa exFAT kulikuwa na sababu halali, nayo ni kushirikiana na mwenye Mac. Kosa lilikuwa kuufanya mfumo wa kubadilishana mafaili kuwa mfumo wa kuhifadhi. ExFAT inafaa kwa diski inayobebwa kutoka mkono hadi mkono. Diski ya kumbukumbu iliyoko mahali ambapo umeme hukatika inahitaji mfumo wenye daftari.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni mhariri kuuliza kabla ya kufomati. Mwenye diski inayozunguka vizuri lakini haifunguki anatakiwa kwanza kubadilisha adapta, kuangalia kama ukubwa unaoonyeshwa ni kamili, na kutazama ukubwa wa sekta. Diski ya terabaiti 3 inayoonekana kuwa na gigabaiti 746, kwa mfano, karibu kila mara imewekwa kwenye adapta isiyovuka kile kikomo cha terabaiti 2.2. Vipimo hivi vyote ni vya kusoma tu, havibadilishi kitu ndani ya diski.

Uamuzi wa kubaki na SSD ya SATA ulithibitika, ingawa una mpaka wake. Studio ikinunua kamera zinazorekodi video isiyobanwa sana, au ikianza kuhariri kamera nyingi zaidi kwa pamoja, hesabu ya megabaiti 37.5 itabadilika na NVMe itakuwa na hoja. Kasha la NVMe lililonunuliwa kwa haraka lipo, na tundu la gigabiti 10 lipo wazi.

Yapo mawili ya kufuatilia. La kwanza ni modemu ya intaneti. Mhariri aligundua kwamba intaneti hupungua sana SSD inapofanya kazi kwa nguvu. Vifaa vya USB vya kizazi cha tatu hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa ya gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel ililieleza kwa vipimo mwaka 2012, na modemu yao ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye adapta. Ilisogezwa hadi upande wa pili wa meza na ikapata nafuu; kuhamia masafa ya gigahezi 5 kungemaliza tatizo, lakini modemu hiyo haina masafa hayo. La pili ni afya ya diski ya zamani. Kila mwisho wa mwezi mhariri husoma SMART kupitia stendi na kuandika kwenye daftari la studio namba tatu: sekta zilizohamishwa, sekta zinazosubiri kuhamishwa, na kaunta ya 199 inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na adapta. Mbili za kwanza zimebaki sifuri. Hiyo ya tatu ilipanda kidogo siku ya jaribio la mwanzo na haijapanda tena tangu diski ikae kwenye stendi mpya. Ikipanda, cha kwanza kushukiwa ni mahali diski inapochomekwa kwenye stendi, na diski itajaribiwa kwenye adapta nyingine kabla ya kuzungumzia kuibadilisha.